Malezi na Imani: Baba yuko ziwani, Magharibi tuswali na nani?

Barua nne zimechaguliwa mwezi huu, tatu kutoka mkoani Kigoma na moja kutoka Tabora. Zimefupishwa, na majina ya waandishi yameondolewa kwa kuwa wamezungumzia mambo ya ndani ya nyumba zao. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zilizobaki, kwa sababu swali lake ndilo ambalo kina mama wengi wa mwambao hunisimamisha nalo sokoni Mwanga, hata kama hawaandiki.

SWALI

Mama Mlezi, assalamu alaykum. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Huondoka nyumbani saa kumi na moja jioni na kurejea asubuhi, wakati watoto wanajiandaa kwenda shule au wameshatoka. Tunao wawili, wa miaka sita aliye darasa la kwanza na wa miaka minne. Mimi hununua dagaa wabichi asubuhi, nikaanika na kuuza. Katika mawaidha tumehimizwa kwamba familia iswali Magharibi pamoja, kisha watoto wasimuliwe visa vya Mitume kabla ya kulala. Nimejaribu. Baba hayupo, mimi nimechoka, na yule mdogo hulala juu ya mswala kabla sijatoa salamu. Naona kama ninalea watoto wasio na dini wala baba. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Kibirizi

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mtoto wa miaka minne aliyepitiwa na usingizi juu ya mswala wa mama yake hana kosa, na mama yake hana kosa. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, aliswalisha watu akiwa amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab; alipokwenda kusujudu alimweka chini, na alipoinuka alimbeba tena. Imepokewa pia kwamba mmoja wa wajukuu zake, Hasan au Husein, alimpanda mgongoni akiwa katika sijda, naye akairefusha sijda ile mpaka mtoto alipotosheka. Agizo la kuwaamrisha watoto swala limeanzia kwenye umri wa miaka saba. Wako ana minne na mwenziwe ana sita, kwa hiyo wote wawili wangali katika umri wa kuonja, na mtu anayeonja haitwi majina kwenye daftari la mahudhurio.

Tuanze na jua, kwa kuwa nadhani jua ndilo lililokuponza. Sisi wa Kigoma na watu wa Dar es Salaam tunatumia saa zile zile za ukutani, lakini jua halizifuati saa hizo; kwetu huzama karibu dakika 40 baada ya kuzama kwao, kwa kuwa sisi tuko mbali upande wa machweo. Magharibi yetu basi huingia karibu saa moja usiku, na miezi mingine huivuka saa moja kwa dakika ishirini na ushei, na Isha ikiingia saa mbili imeshapita. Nasaha nyingi za malezi tunazozisikia redioni hutolewa na watu wa pwani, ambao mtoto wao husimama kwenye safu ya Magharibi akiwa bado ana nguvu ya kurukaruka. Wako ameshinda juani kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Kama huamka saa kumi na mbili asubuhi, piga hesabu mwenyewe uone kama saa moja usiku si saa yake ya kulala.

Sasa tuitazame siku ya nyumba yako jinsi ilivyo. Kwa maelezo yako kuna kipande kimoja tu cha siku ambacho nyote wanne mko macho na mko chini ya paa moja, nacho ni tangu mkubwa anaporudi kutoka shule na kula, baba naye akiwa ameshaamka kutoka katika usingizi wake wa mchana, mpaka anapochukua koti lake la baridi na kuteremka ufukoni. Ndani ya kipande hicho imo Alasiri, ambayo hapa Kigoma huingia karibu saa kumi hadi saa kumi na nusu, kutegemea majira ya mwaka. Alasiri ndiyo swala ya familia yenu. Aliyewahimiza Magharibi hakukosea, maana ametaja saa ambayo nyumba nyingi hukusanyika. Yenu hukusanyika saa nyingine, na hakuna aya wala hadithi inayowakataza kuwa nyumba ya Alasiri.

Namna ya kuifanya isiwe kubwa. Mpe mkubwa kazi ya kummiminia baba yake maji ya udhu. Najua bomba lipo, au ndoo yenye kata, na kwamba baba angemaliza kwa dakika mbili kama angeachwa ajitawadhe mwenyewe. Na ndiyo sababu ninataka asiachwe. Mtoto ashike kopo kwa mikono miwili, baba achuchumae mbele yake, viganja vikiwa wazi. Mtoto atamwaga maji mengi mno mara ya kwanza na kumlowesha baba hadi magotini. Baba aseme Bismillahi kwa sauti, na mtoto airudie. Atajifunza kuhesabu mara tatu tatu kwa mikono, kinywa, pua na uso, na huku anahesabu atakuwa anaiona mikono ya baba yake kwa karibu: alama za kamba kwenye viganja, magamba madogo yaliyonasa kwenye kucha, na ile harufu ya dagaa isiyotoka hata kwa sabuni. Mtoto wa mvuvi anayemwona baba yake akiwa amelala tu, au akiwa anaondoka tu, ana haja ya dakika hizo tano kuliko ya visa vyote nitakavyoweza kukuandikia hapa. Kama mume wako huenda msikitini, amchukue huyo wa miaka sita na watembee pamoja, nawe ubaki na mdogo nyumbani. Udhu utakuwa umekwisha kuwakutanisha.

Nisije nikaonekana ninazungumza kama mtu ambaye hakuwahi kushindwa. Watoto wangu walipokuwa wadogo, nilichora ratiba kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, yenye saa ya dua, saa ya kisa, saa ya Kurani na nyota za kubandika kwa aliyetimiza. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi wageni walifika kwa treni kutoka Tabora, ratiba ikavunjika, na hakuna aliyekumbuka kuirudia mpaka mvua ilipovujia ukutani na kuiondoa. Kilichobaki nyumbani mwetu hadi leo ni kile ambacho hakikuwemo kwenye karatasi: mama yangu alikuwa haruhusu sahani ifunuliwe kabla ya kila mtoto kusema Bismillahi, na wajukuu zake sasa wanawazuilia wageni sahani kwa ukali ule ule. Sahani ingefunuliwa kila siku kwa vyovyote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Jambo la pili ni kuondoka kwa baba. Nimeona nyumba nyingi ambako baba huchepuka kupitia mlango wa nyuma ili mdogo asilie. Mtoto hatalia jioni ile, lakini siku nyingi zitakazofuata atashinda anamchunga baba yake, hamwachi hata aende chooni, kwa kuwa amejifunza kwamba baba hutoweka bila taarifa. Ni afadhali alie. Baba amwinamie, aweke mkono juu ya kichwa chake, amwombee dua fupi ambayo haibadiliki, na amwambie, “Ninakwenda ziwani, nitarudi asubuhi inshallah.” Neno inshallah mtoto ataelewa maana yake hapo kuliko darasani, hasa kuanzia Mei hadi Septemba wakati upepo wa kusini unapovuma, ziwa likachafuka, na boti zikachelewa kuonekana. Asubuhi asiporudi kwa wakati, usimfiche mtoto wasiwasi wako wote wala usimmwagie wote. Mwiteni Mwenyezi Mungu pamoja, kisha umpe kazi ya mkono.

Halafu kuna mwezi, na hapa wavuvi wa dagaa wana bahati ambayo sijui kama wameiona. Taa za boti huvuta dagaa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazijali taa, na ndiyo maana mwezi unapokuwa mpevu mume wako hubaki nyumbani. Mwezi mpevu kwa kalenda yetu ya Kiislamu ni tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo ni sunna kuzifunga. Kila mwezi basi, bila mtu kupanga, baba yuko nyumbani katika siku zile zile ambazo dini imezitenga. Afunge yeye, au mfunge nyote wawili kama afya inaruhusu. Watoto wasifunge, lakini wapewe kazi ya kuosha tende, ya kukaa mlangoni kusikiliza adhana, na ya kumkabidhi baba tonge la kwanza. Katika siku hizo tatu ndipo Magharibi ya pamoja inapowezekana, na kama mdogo amelala mchana anaweza hata kuvumilia hadi kisa cha Nabii Yunus, ambacho kwa mtoto wa Kibirizi hakihitaji maelezo marefu kuhusu chombo, dhoruba wala samaki. Baada ya miezi michache mtoto wako wa miaka sita atautazama mwezi angani na kukuambia baba atabaki lini.

Usiku wa kawaida, wewe peke yako na uchovu wako, fanya jambo moja tu. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume alipokwenda kulala alikusanya viganja vyake, akasoma Kul-huwallahu, Falaq na Nas, akavipuliza, kisha akajipangusa mwili kuanzia kichwani, mara tatu. Lala kidogo kando ya watoto wako, shika viganja vyao ndani ya vyako, soma, puliza, na uwapangusie usoni. Haifiki dakika tatu. Watacheka kwa sababu pumzi inatekenya. Ukisinzia kabla hujamaliza, mkubwa atakumalizia, maana sura hizo tatu ni miongoni mwa za kwanza anazohifadhi chuoni.

Kwenye dagaa nako kuna mlango. Unapoanua jioni, kabla hujapima chochote cha kuuza, mwache mdogo achote kwa mkono wake fungu moja dogo la jirani asiye na uwezo, naye alipeleke mwenyewe. Kiasi kiwe kile kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto. Biashara yako haitayumba.

Na usidhani kwamba tatizo lingekwisha kama mume wako angekaa nyumbani kila siku. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipositishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kina baba wa mwambao walikuwa nyumbani jioni zote, na baadhi ya wake zao waliniambia kwamba watoto waliwazoea hadi wakaacha kuwatazama wanapoingia. Waliofaidi ni wale waliokuwa na jambo dogo la kila siku la kufanya pamoja na mtoto.

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Mlezi. Ninafanya kazi ya reli, makazi yangu ni Cheyo, Tabora. Mimi ni Mkatoliki na mke wangu ni Mmoraviani. Watoto wetu, wa miaka mitano na mitatu, wamebatizwa Katoliki kwa makubaliano. Nikiwa safarini, ambako hukaa siku nne au tano, mke wangu huwaimbia wimbo mmoja na kuomba kwa maneno yake, kisha hulala. Nikiwepo mimi, tunasali Rozari. Juzi mkubwa alisema mbele ya wageni: “Sala ya baba ni ndefu, sala ya mama ni nzuri.” Watu walicheka lakini mimi niliumia. Je, nimuachie mama peke yake malezi ya imani, au nisimamie msimamo?

Baba wa Cheyo

JIBU

Milele amina, baba, kama walivyonifundisha kuitikia majirani zangu wa Tabora miaka niliyofundisha huko. Mimi ni Mwislamu na mambo ya ubatizo na sakramenti nayaacha kwa paroko wako. Swali lako la sala ya jioni, hata hivyo, nimelipeleka kwa katekista mmoja na kwa mama mchungaji mmoja ninaowaamini, na nimefurahi kuona kwamba walinijibu sawasawa, karibu neno kwa neno.

Mtoto amesema kweli, na hakukutukana. Rozari ya siku moja ina makumi matano, yaani Salamu Maria hamsini na sala nyingine juu yake. Mtu mzima huzisali huku akitafakari, ila mtoto wa miaka mitatu huhesabu tu magoti yake yanayouma. Kanisa lako mwenyewe limelijua hilo tangu zamani. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha shirika la Utoto Mtakatifu mwaka 1843, hakuwaomba watoto zaidi ya Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Askofu aliridhika na moja, nawe ridhika na moja kwa sasa. Mpe mkubwa rozari aishike, ataje mtoto mmoja anayemwombea, aongoze hiyo Salamu Maria, na mdogo aitikie Amina. Hizo nyingine muziendeleze wewe, hata ukiwa umekaa barazani baada ya wao kulala.

Upande wa mke wako nako kuna hazina ambayo nadhani hujaichungulia. Wamoraviani wana desturi ya andiko moja fupi la kila siku: kiongozi wao Zinzendorf aliianza huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, neno likipelekwa nyumba hadi nyumba, na tangu mwaka 1731 maandiko hayo huchapishwa kitabuni kila mwaka. Andiko la mstari mmoja linamtosha mtoto wa miaka mitano. Msomeeni kabla ya wimbo wa mama, kisha Baba Yetu, ambayo ni ya kwenu nyote wawili, halafu Salamu Maria yake moja, wakalale. Utaratibu uwe huo huo ukiwepo na usipokuwepo, isipokuwa kipande cha mwisho ambacho ukiwepo ni chako. Kinachomchanganya mtoto ni nyumba kuwa na sala mbili zinazopokezana kama zamu za kazini, kiasi kwamba huanza kuzipima ipi ni bora, na akishaanza kupima sala atapima pia wazazi.

Neno moja kuhusu safari zako. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo mji huo umekuwa na kina baba wanaoonekana kwa ratiba ya treni; huna haja ya kujiona wa kwanza. Kabla hujatoka, hata kama ni usiku wa manane na wamelala, waweke ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, na mwambie mke wako awaeleze asubuhi kwamba uliwawekea. Ukirudi, waweke tena kabla hujafungua mzigo. Kupiga simu njiani ni vizuri mtandao ukiwepo, ila usiwaahidi saa maalumu, kwa maana njia ya reli inapita porini, na ahadi iliyovunjwa na mtandao mtoto huiandika kwa jina lako.

Na wageni wakicheka tena, nawe cheka.

SWALI

Mama Mlezi, mimi ni bibi wa Ujiji, ninalea wajukuu wawili ambao wazazi wao wako Dar es Salaam. Wa miaka mitatu halali mpaka awekewe simu yenye qaswida za katuni. Mama yake anasema ni dini, kwa hiyo haina madhara. Mimi moyo haunipi. Nakosea?

Bibi, Ujiji

JIBU

Shikamoo bibi, moyo wako unakuambia vizuri. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 niliokwisha kuutaja unasema mtoto wa miaka mitatu asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo cha simu au runinga, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kioo hakibagui kinachoonyeshwa: mwanga na picha zinazobadilika haraka humkodolesha macho mtoto, iwe ni qaswida au ni paka wanaokimbizana. Sauti peke yake ni jambo jingine. Kwa wiki ya kwanza igeuze simu kifudifudi, qaswida isikike bila picha. Wiki ya pili imba wewe juu yake. Wiki ya tatu izime, ubaki wewe. Atalia siku mbili tatu, na huenda na mama yake akalia kwa simu kutoka Dar es Salaam, lakini vumilia.

Usiseme sauti yako imechakaa. Mjukuu hana sauti nyingine ya kuilinganisha nayo anapokuwa amekulalia kifuani, na mapigo ya moyo wako anayasikia chini ya kila beti. Ukisahau maneno, rudia kiitikio, maana mtoto wa umri huo hutaka jambo moja mara arobaini. Ijumaa jioni mpigie mama yake, mwimbe nyote watatu. Naye anamkosa mwanawe, na nahisi zile katuni alizituma kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kutuma.

SWALI

Mama Mlezi, tuko Kasulu na ni waumini wa Anglikana. Huwa tunaomba kabla ya chakula. Binti yangu wa miaka mitano ameuliza Mungu anakula nini, kwa kuwa tunamshukuru lakini hatumpakulii. Baba yake alimkaripia kwamba anakufuru. Nimjibu nini?

Mama wa Kasulu

JIBU

Hajakufuru. Amesikiliza sala hadi mwisho, jambo ambalo watu wazima wengi mezani hawalifanyi. Swali lake limo hata kwenye Zaburi ya 50, ambamo Mungu mwenyewe anasema kwamba kama angeona njaa asingemwambia mtu, kwa kuwa ulimwengu na vyote vilivyomo ni vyake. Msomee mstari huo; utamfurahisha, kwa sababu atajua kuna aliyewahi kulifikiria kabla yake. Kisha mpe yeye zamu ya kuomba kabla ya chakula, kwa maneno yake, achague mwenyewe ashukuru kwa ajili ya nini: ugali wa muhogo, maharage, mawese yaliyokolea, au shangazi aliyekuja na ndizi. Baba yake na aitikie Amina kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mtoto aliyekaripiwa kwa ajili ya Mungu anahitaji kuona kwamba amani imerudi. Na siku atakapouliza basi sadaka ya Jumapili inaliwa na nani, mpelekeni kwa mchungaji, hilo ameshalizoea.